Mbuzi Wawili wa Mama Tobia

Nilifunga safari hii kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa na jina la nyumbani. Mtoto huyo ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu Merina, ambaye alikwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi akaolewa hukohuko na kijana anayeitwa Tobia. Kwenye cheti cha kule mtoto anaitwa Klara. Jina la nyumbani katika familia yetu hutolewa na dada yangu mkubwa, Yudita, anayeishi kijijini kwetu mbele ya Buigiri, na Yudita alikuwa amekataa kulitoa.

Hakukataa kwa ubaya. Aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi:

"Danieli, huyo kijana alijileta mwenyewe kuoa. Nani alimleta? Mzazi wake aje, aketi kwangu, ale mbuzi wangu. Akila, nampa mtoto jina. Asipokula, mtoto ni wa kwao peke yao, na mimi sina neno zaidi."

Nilidhani hapo mambo yamekwama. Merina alipofikisha ujumbe huo kwa mama mkwe wake, ikawa kinyume. Mama Tobia, mjane aliyestaafu kazi ya kuoka mikate, alisema yuko tayari kuja hata peke yake. Merina na mumewe wangekuja na mtoto mwezi wa Desemba wakipata likizo, lakini yeye angetangulia ili mtoto akifika akute njia imefunguliwa. Shida ilikuwa lugha. Mama Tobia hajui Kiswahili, na Kiingereza hakujifunza kwa sababu alikulia upande ule wa Ujerumani ambako zamani shuleni walifundishwa Kirusi. Merina alitaka kutafuta mkalimani wa kulipwa. Nikamjibu kwa maneno ambayo sasa nikiyakumbuka nasikia joto masikioni:

"Mkalimani wa nini, mwanangu? Mkalimani ni mimi."

Nkuhungu, ninakoishi, yupo mwalimu kijana anayeitwa Anitha. Jioni huwafundisha Kijerumani vijana wanaotaka kwenda kusomea uuguzi kule. Merina alipojifungua nilimwomba Anitha aniruhusu kukaa nyuma ya darasa, nami nikakaa karibu mwaka mzima, nikiwa na miwani yangu na elimu yangu ya kidato cha nne. Vijana waliniita Babu Bwana Mkubwa, na nilipokosea walicheka kwa adabu, wakiwa wameinamisha vichwa.

Nilipata tabu katika mengi, ila lipo somo moja nililolipenda kuliko yote. Wajerumani huchukua kitenzi cha jambo lililokwisha kutendwa, wakakitia mwanzoni ge na mwisho wake wakaurekebisha, kisha wakakiweka mbele ya jina kama kivumishi. Kuchemsha ni kochen. Kilichochemshwa ni gekocht. Na yai lililochemshwa ni gekochtes Ei. Mwisho wa neno hubadilika kufuata jina, kama kivumishi chetu kinavyofuata ngeli.

"Sasa angalieni tofauti," Anitha alituambia. "Sisi tunataja kitu kwanza, halafu tunaeleza yaliyokipata. Yai, lililochemshwa. Wao wanaanza na yaliyokipata, kitu chenyewe kinakuja mwisho. Ukizoea, utaona kila kitu mbele yako kimeshafanywa jambo fulani."

Nilizoea kupita kiasi. Nilianza kutembea mtaani nikitazama mambo yaliyokwisha kutendwa. Lango lililofungwa, geschlossen. Shati lililopigwa pasi, gebügelt. Jirani yangu alifikiri ninasali. Juma lililofuata Anitha alitangaza kwamba somo linalokuja ni namna ya kusema jambo litakalotendwa kwa kitu, ambalo bado. Juma hilo sikwenda. Nilikuwa nimealikwa kwenye kikao cha wazee, nikaenda kuwasimulia habari za Kijerumani changu. Nilijiona nina vya kutosha.

Asubuhi ya safari nilikuwa kituo cha treni ya umeme mapema, nimevaa suti yangu ya kustaafu. Aliyetuendesha ni Sospeta, jirani yangu, mtu mzima mwenye gari dogo na maneno mengi.

"Mzee, ukishindwa kuongea, kohoa," aliniambia. "Mimi nitawasha redio."

Mama Tobia alishuka akiwa na kofia ya majani makavu na begi moja la mgongoni. Ni mwanamke mpana, mikono yake imejaa kama ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu ya kumkaribisha, lakini nilipomwona yote iliyeyuka. Nikatazama kofia yake nikasema, kwa Kijerumani, "Kofia iliyosukwa." Alisimama, akanitazama, kisha akacheka mpaka begi likamteleza begani. Akanyoosha kidole kwenye suti yangu akasema, "Gebügelter Anzug." Suti iliyopigwa pasi. Tangu hapo tulielewana. Huo ndio ukawa mchezo wetu wa safari nzima: kila mmoja anaonyesha kitu, mwenzake anataja kilichokipata.

Soko la Majengo tulisimama kununua vitu vya kupeleka kijijini. Sijapata kuona soko likinifaa namna ile. Kila meza ilikuwa na somo langu. Karanga zilizokaangwa, geröstete Erdnüsse. Uwele uliosagwa. Samaki waliokaushwa. Mahindi yaliyochomwa, yaliyokobolewa, yaliyolowekwa. Mama Tobia alikuwa akinisahihisha miisho ya maneno kwa upole, akigonga kidole hewani kama anayehesabu mikate. Mama mmoja muuza mlenda mkavu alituangalia kwa muda, akaniuliza:

"Baba, huyu mgeni wako anasemaje?"

"Anasema majani yako yamekaushwa na kutwangwa."

"Si anayaona? Muulize kama ananunua."

Alinunua, na akayanusa kama anavyonusa mtu anayejua chakula.

Upande wa mitumba alisimama ghafla. Kwenye lundo la makoti alivuta moja la kijani, zito, lenye maandishi ya Kijerumani mgongoni. Aliyasoma, akafunika mdomo. Nilimwomba anieleze. Alirudia taratibu mpaka nikaelewa: lilikuwa koti la chama cha wafuga sungura cha kijiji fulani cha kwao. Watu hukutana kule, akaniambia, wakalinganisha sungura wao na kupeana vikombe.

"Gebrauchte Jacke," nikasema. Koti lililotumika.

"Gereiste Jacke," akajibu. Koti lililosafiri.

Akalinunua kwa ajili ya dada yangu. Nilimwambia Yudita hafugi sungura, anafuga mbuzi. Akasema hiyo ni karibu sana.

Njiani, kutoka Ihumwa kwenda Chamwino, alitazama dirishani bila kuchoka. Ilikuwa baada ya mavuno. Mashamba yalikuwa yamebaki mabua, mawe makubwa ya vilima yamekaa juu ya mengine kama yaliyopangwa na mtu asiye na haraka, na mashamba ya zabibu yamepogolewa, yanasubiri. Nilimweleza Mama Tobia, kwa Kijerumani changu cha vipande, kwamba dada yangu ni mkubwa kwangu, kwamba ni mkali lakini mwenye haki, na kwamba pale asikatae chakula. Hilo la chakula nilihakikisha amelielewa. Alinipigapiga mkononi akaniambia kwa Kijerumani kwamba mwoka mikate hakatai chakula. Kuhusu mbuzi sikusema lolote. Nilipanga kusema nikifika, na wakati huohuo nilikuwa nafikiria nitakavyosifiwa.

Buigiri tulikunywa chai. Hapo nilimfundisha salamu yetu, mbukwenyi, naye akairudia kwa kila mtu aliyeingia mgahawani hadi watu wakaanza kuingia ili wasalimiwe. Sospeta aliniambia pembeni:

"Mzee, huyu mama hana haja na wewe."

Nilicheka. Sikujua bado ukweli wa alichosema.

Baada ya Buigiri tuliacha lami. Njia ya kijijini ni ya vumbi, na inavuka korongo la mchanga ambalo wakati wa kiangazi halina tone la maji juu yake. Gari lilizama kidogo, tukashuka, tukasukuma. Mama Tobia alisukuma kuliko sisi wote wawili. "Gari lililokwama," alisema akipangusa mikono. "Gari lililosukumwa," nikajibu tulipotoka.

Mchana tulifika kwa dada. Yudita alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake na khanga mbili, moja kiunoni na moja begani, na nyuma yake ndugu na majirani wamejaa kwenye viti vya kuazima. Hakusogea. Kwa kawaida yake mgeni humfuata yeye. Mama Tobia alimwendea moja kwa moja, akapiga magoti kidogo kama alivyoona wanawake wakifanya Buigiri, akasema, "Mbukwenyi."

Watu walinguruma kwa furaha. Dada alimjibu, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama viganja.

"Huyu amefanya kazi," alisema. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Tulikaa. Maji yakaja. Mama Tobia akatoa koti la kijani, na dada akalivaa hapohapo juu ya khanga, pamoja na joto lile, akauliza maandishi yanasema nini. Nilipomwambia ni chama cha wafuga sungura alifikiri kidogo.

"Sungura wao wakubwa kiasi gani?"

Nilitafsiri. Mama Tobia akaonyesha kwa mikono. Dada akasema wale si sungura, ni mbwa. Nilitafsiri hilo pia. Wote walicheka, nami nikajiona niko juu ya kilima.

Hapo ndipo dada alipotoa ishara, na mwanawe Yohana akamleta mbuzi.

Lazima nieleze desturi, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwetu mgeni mkubwa haletewi nyama tu mezani. Kwanza huletewa mnyama akiwa hai, amtazame, aone kwamba ni mzima na hana ugonjwa, ajue ni huyu atakayechinjwa kwa heshima yake. Mgeni humgusa mgongoni, hushukuru, ndipo mnyama hupelekwa nyuma ya nyumba. Kila mtu pale alijua hivyo, hata watoto. Mbuzi mwenyewe alikuwa dume mweupe aliyehasiwa na kunona, mwenye doa jeusi jichoni, na alikuwa mpole kwa sababu kalelewa karibu na jiko.

"Mwambie mkwe," dada aliniamuru.

Nilisimama. Nikafungua mdomo. Nikagundua kwamba maneno yote niliyokuwa nayo ni ya mambo yaliyokwisha. Mbuzi aliyechinjwa ningeweza kusema. Mbuzi aliyechomwa ningeweza. Huyu alikuwa amesimama anatafuna kamba yake, hajafanywa kitu bado. Somo la mambo ambayo bado, nililikosa nikiwa kwenye kikao cha wazee. Ningeweza kuonyesha kwa mikono. Ningeweza kusema kwa Kijerumani, "Ngoja, sijui neno." Watu walikuwa wananitazama, mkalimani wao mwenye suti. Basi nikasema sentensi fupi niliyokuwa na hakika nayo:

"Diese Ziege ist für Sie." Mbuzi huyu ni wako.

Mama Tobia aliweka mkono kifuani. Aliuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli kabisa. Akainuka, akamwendea mbuzi, akamgusa mgongoni, watu wakaitikia vizuri, kisha akapiga magoti vumbini akamkumbatia shingo. Akaichukua kamba kutoka mkononi mwa Yohana, akaondoka naye kwenda kwenye kivuli cha ghala, akakaa chini na kuanza kumkuna masikio.

Vichwa vyote pale uwanjani viliwageukia.

Yohana alinitazama, kisu kikiwa bado kiunoni. "Mjomba, anampeleka wapi?"

"Anamtazama vizuri," nilisema. "Kwao hutazama kwa muda mrefu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Nilimfuata Mama Tobia kivulini. Machoni alikuwa na machozi, lakini anatabasamu. Aliniambia polepole, akichagua maneno mepesi ili nielewe, kwamba alipokuwa mdogo bibi yake alimpa mwanambuzi, akamlea mpaka akakua, na tangu siku hizo hakuna mtu aliyewahi kumpa kiumbe hai. Alijua hawezi kupanda naye ndege. Angeniomba nimtunzie. Alikwisha kumpa jina la kike la kwao: Frida.

Sikumwambia Frida ni dume. Sikumwambia lolote. Nilirudi kwa dada nikamweleza kwamba mgeni amechoka na kwao hula jioni.

Huo ulikuwa wa pili. Dada alikunja mikono juu ya koti lake la wafuga sungura.

"Danieli, moto umewaka. Mawe ya jiko yako tayari. Mkwe ameikamata kamba haiachii. Ananinyima mbuzi wangu mwenyewe mbele ya watu. Kama hataki kula kwangu, aseme, tusisumbuane."

"Hajakataa, dada."

"Basi mbona kisu hakijatoka?"

Majirani walianza kunong'ona. Mmoja alisema pengine dini yao hairuhusu mbuzi. Mwingine akasema pengine amedharau kwa kuwa si ng'ombe. Nilimwona Yudita akivua koti la kijani taratibu, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Nilijua maana yake. Mtu akirudisha zawadi yako kwenye kiti, yuko njiani kukurudisha na wewe. Nikamfikiria Merina, na mtoto yule anayelala mbali bila jina la kwao, kwa sababu babu yake aliona aibu kusema hajui neno moja.

Nilisimama katikati ya uwanja nikakohoa. Sospeta, kando ya gari, alinyoosha mkono kuelekea redio. Nikamkataza kwa macho.

"Kosa ni langu," nilisema kwa sauti ili wote wasikie. "Mgeni hajakataa. Mimi nilimwambia mbuzi ni wake, basi. Sikumwambia wa kuchinjwa, kwa sababu neno sikulijua na niliona haya kusema silijui. Yeye anafikiri amepewa wa kufuga. Na hizo habari za kula jioni nimezitunga mimi."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Mkalimani wetu," na kicheko kikapanda kutoka kwenye viti vya kuazima kama kuku waliotishwa. Dada hakucheka.

"Umeniambia mimi. Yeye je?"

Hilo lilikuwa gumu zaidi. Nilikwenda kivulini nikachuchumaa mbele ya Mama Tobia. Nilitumia neno nililokuwa nalo, geschlachtet, aliyechinjwa, nikamwonyesha mbuzi, nikaonyesha jua na kulisogeza kidogo angani kwa kidole, kumaanisha baadaye kidogo. Nikaonyesha moto. Nikaonyesha watu wote, sahani, mdomo wangu. Nikajionyesha mimi mwenyewe nikasema kwa Kijerumani, "Mtu mpumbavu." Hiyo ilitoka bila kosa.

Alinielewa kabla sijamaliza. Tabasamu lilimtoka usoni. Alimtazama Frida, kisha akatazama moto, kisha akamtazama dada yangu aliyesimama na mikono imekunjwa. Aliuliza swali moja tu: huyu mama amemfuga mwenyewe? Nikasema ndiyo, karibu na jiko lake.

Mama Tobia aliinuka, akapangusa magoti, akamwongoza mbuzi kuvuka uwanja hadi mbele ya dada yangu, akaiweka kamba mkononi mwake na kuvifunga vidole vya dada juu ya kamba. Hakunitazama. Hakuhitaji mimi. Dada alimwangalia usoni, akaona macho yalivyo mekundu, na akaona kamba imetoka.

"Ameachia," Yudita alisema taratibu. "Inamuuma, na ameachia."

Alimkabidhi Yohana mbuzi, akamwambia ampeleke nyuma. Kisha yeye mwenyewe akaenda zizini. Tulisikia akiita, akikemea, akichagua. Alirudi anavuta mbuzi jike mchanga, wa kahawia, ambaye hajazaa bado, akaiweka kamba yake mkononi mwa Mama Tobia na kuvifunga vidole vyake juu ya kamba, kama alivyofungwa yeye.

"Mwambie," aliniambia. "Na leo useme vizuri. Yule alikuwa wa kula. Huyu ni wa kushika. Ni wa mtoto. Atakaa zizini kwangu kwa jina la mtoto, akizaa, wanawe ni wa mtoto. Mwenye mbuzi zizini kwangu ni wa hapa."

Nilisema nililoweza, na mahali nilipokwama nilisema waziwazi, "Sijui neno." Mama Tobia alisubiri. Nilishangaa kuona kwamba alisubiri bila shida yoyote. Nilipofika kwenye zizi na watoto wa mbuzi aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akampa na huyu jina la Frida, safari hii kwa usahihi.

Chakula kilipoiva tulinawa. "Mikono iliyooshwa," nilijaribu kusema, na Mama Tobia akanisahihisha mwisho wa neno, nikajua nimesamehewa. Ugali wa uwele ulikuja, mlenda ukaja, nyama ikaja. Watu wote walijifanya hawatazami. Mama Tobia alikata tonge kama aliyezaliwa nalo, akalibonyeza, akachota mlenda bila kuupoteza hewani, kisha akachukua kipande cha nyama. Alikishika kidogo. Akala. Tone moja lilimteremka shavuni, hakulifuta. Akachukua kipande cha pili, na cha tatu, akaniambia nimwambie dada kwamba mbuzi amekolezwa vizuri na amechomwa vizuri. Dada akajibu kwamba kingine kipo jikoni.

Kisha dada akalichukua koti la kijani kutoka kwenye kiti, akalivaa tena.

Jua lilipoanza kulegea dada alisema wakati wa jina umefika. Nilisogeza kiti changu karibu, nikatengeneza tai. Hii ndiyo ilikuwa kazi niliyoisubiri tangu mwanzo.

"Wewe kaa hapohapo," Yudita aliniambia.

"Nani atatafsiri?"

"Jina linatafsiriwa? Wewe utaongezea yako." Akamwinamia mkwe wake, akaweka mkono kando ya mdomo, akamnong'oneza sikioni. Mama Tobia alisikiliza, akanong'ona kulirudisha. Dada akamsahihisha. Akalirudia tena. Dada akaridhika, akapiga makofi mara moja, na wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya jina ambalo hakuna kati yetu aliyelisikia.

"Mtasikia Desemba, mtoto akisimama hapa," alisema dada. "Mpaka hapo analo bibi yake."

Safari ya kurudi tuliifanya jua likiwa mgongoni mwa vilima. Kwenye korongo gari halikukwama. Sospeta alisema hata mchanga umeona haya kwa niaba yangu. Kuanzia Buigiri hadi Ihumwa nilijaribu njia zote. Nilimuuliza Mama Tobia jina linaanza na herufi gani. Nilimuuliza kama ni refu. Alinijibu neno moja la Kijerumani ambalo hata asiyesoma analijua: Nein, hapana.

Alikaa kwangu Nkuhungu siku chache. Anitha alimwalika darasani, na huko nilimwomba yeye mwenyewe awasimulie vijana kisa cha mbuzi, ili nisipate nafasi ya kukipamba. Vijana walicheka bila kuinamisha vichwa. Baada ya darasa nilimwomba Anitha anifundishe lile somo nililolikosa. Halikuwa gumu hata kidogo. Neno ni lilelile, geschlachtet, linahitaji tu kitenzi kidogo mbele yake.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza kituoni. Alikuwa amevaa khanga ya dada yangu juu ya suruali yake, na kofia ya majani. Mchezo wetu tuliucheza kwa mara ya mwisho: begi lililojazwa, tiketi iliyonunuliwa, mzee aliyechoka. Treni ilipotangazwa alinishika mkono, akanyoosha kidole kwenye kifua chake, na akasema kwa Kiswahili, polepole, kila silabi mahali pake, akitaja kitu kwanza na kilichokipata baadaye, kama tusemavyo sisi:

"Mkwe aliyepokelewa."

Sijui alifundishwa na nani. Mimi sikumfundisha, na niliyemuuliza, Anitha, alitazama kando.

Nimerudi nyumbani na somo langu. Niliondoka nikidhani kazi ya mkalimani ni kujua maneno. Sasa naona kazi yangu ilikuwa kusema mapema nisichokijua, pale ambapo bado hakijaharibika kitu, na wawili wale wangenisubiri. Nilichowapa badala yake ni vumbi, machozi na nyama iliyochelewa. Waliyamaliza wao wenyewe, kwa kamba mbili na mikono.

Jana Yohana alipiga simu kusema Frida wa kahawia ana mimba. Nilimpelekea Merina habari hiyo, naye akampasha mama mkwe wake, na jibu likarudi haraka: Mama Tobia anauliza kama babu bado anakwenda darasani. Naenda. Nakaa mbele siku hizi. Desemba mtoto atasimama uwanjani kwa Yudita mbele ya zizi lake, na mimi nitakuwa kwenye kiti cha kuazima pamoja na majirani, nikisubiri kama wao kusikia anaitwa nani.